Miguu ya Mtu wa Pointi

Mjumbe Mihayo ananiita mzururaji.
Neno hilo alijifunza mwaka themanini na tatu,
enzi lilipokuwa na lori,
na lori lilikuwa na shamba la kukupeleka.
Mpaka leo analitamka kama anayeomba kitambulisho.

Dada yangu Nyamizi anasema natangatanga.
Husema huku akivitazama viatu vyangu,
soli zilizoliwa upande mmoja,
kwa sauti ileile anayowawekea wagonjwa
na mbuzi waliokata kamba.

Kwa watoto wa Cheyo mimi ni Kiguu na Njia.
Wananihesabu: leo kapita mara tatu.
Sizya, muuza asali wa Gongoni, anadhani navinjari,
eti naizungukia bei mpaka ichoke.
Muuguzi wa Kitete aliandika "mazoezi",
dakika thelathini kila siku, akapiga mhuri.
Nampenda kwa mhuri ule.
Na wale tusioonana muda mrefu hunishika mkono:
"Umepotea!"
Nami nimepita mlangoni kwao asubuhi hiyohiyo.

Miaka thelathini na mmoja nilishika wenzo wa pointi
pale reli inapogawana.
Hii ya Mwanza. Hii ya Kigoma.
Chuma kinalia kidogo, kinahama upana wa kiganja,
na watu mia saba waliolala
wanaamkia mji mwingine.
Sikukosea hata usiku mmoja wa masika,
taa ya mafuta mkono huu, mvua shingoni.
Nilijua kila mtu anakokwenda.
Mimi nilikuwa siendi popote.
Kalunde alisema: ukistaafu tutapanda ya kwetu.
Ipi?
Akacheka. Utachagua wewe, si ndiyo kazi yako.

Tulimzika mwezi wa tatu, mahindi yameota ndevu.
Mwezi wa nne nilitoka kununua kiberiti.
Sijanunua.

Usiku, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi,
nayajaribu maneno yao kama kofia za kuazima.
Kuzurura: kubwa, linanifunika masikio.
Kuzunguka lina kitovu.
Kubarizi linataka baraza, linataka kanzu iliyopigwa pasi
na mtu wa kuniuliza habari za mchana.
Kuhaha nililirusha mbali, hilo ni la mbwa aliyepotewa na harufu,
ingawa Jumanne moja, nyuma ya soko,
niliposikia mwanamke akikohoa kama yeye,
lilinienea barabara.
Kutangatanga ndilo ninaloliogopa.
Ndani yake nasikia matanga
yaliyokwisha siku nyingi, turubai likakunjwa,
sufuria zikarudishwa kwa wenyewe,
mimi tu sikuambiwa.

Kwenda? Siliwezi.
Ukilitaja tu, mtu anadakia: wapi?
Kutembea, angalau, husimama bila mkongojo.

Jana nilifika kwenye pointi.
Kijana aliyenirithi, Ndimila, alikuwa anakula muhogo.
Akaniamkia, akafuta kiti kwa kofia yake.
Sikukaa. Niliuangalia wenzo.
Wenzo haukai katikati,
niliwafundisha hivyo vijana kumi na wawili:
uulaze huku au uulaze kule,
ukiuacha katikati treni inalala porini
na wewe unalala mahabusu.
Ndimila akasema, "Ipo ya Kigoma, Mzee."
Nikasema vizuri.
Nikapita katikati ya reli mbili, pale zinapoanza kuachana,
mguu huu karibu na hii, mguu huu karibu na ile,
mpaka nafasi ikawa pana kuliko miguu yangu.

Nimerudi giza limeingia.
Nyamizi kaniachia kiberiti dirishani, njiti saba.
Hakuniuliza nilikuwa wapi.
Nimewasha moja, nikaviona viatu,
nikavigeuza vitazame mlango.